Gauni mnalisifia, aliyelishona mnamfukuza

Ndugu Mhariri,

Nimeisoma barua ya mzee wetu mliyoichapisha kwenye ukurasa huu, ile anayotaka maafisa utamaduni wa Mtwara na Lindi wawakataze vijana wa kiume kusuka nywele, kupamba maharusi na kucheza ngoma kwa staili anayoiita ya kike, kwa sababu eti ndiko ushoga unakoingilia. Shikamoo mzee wangu. Naandika kwa heshima zote ila sikubaliani na wewe, na nimeona nisikae kimya maana nafundisha kushona na kuchora hapa Chikongola, vijana ninao, na maneno kama yale yakitoka gazetini kesho yake yanafika uani kwangu yameshageuka matusi.

Kwanza hivi. Kijana wa kiume akishika sindano au chanuo haimaanishi lolote kuhusu nani anampenda. Mafundi cherehani wa barazani pale sokoni wengi ni wanaume wenye wake na watoto, wapambaji wapo wa kila aina, na vijana wangu mimi sijawahi kumuuliza hata mmoja mambo yake ya chumbani maana hayanihusu. Lakini sitaki kuishia hapo kama wengi wanavyoishia, maana ukisema tu "wengi wao wala sio mashoga" ni kama umesema walio hivyo basi sawa, wapigwe, wafukuzwe, wachekwe. Nao wapo. Wapo Mtwara, wapo Lindi, wapo Kilwa, ni watoto wa watu, wamezaliwa na kina mama tunaosalimiana nao kila siku, na wengine mikono yao inafanya kazi ambayo mimi niliyeanza kushona nikiwa msichana siifikii. Sheria naijua, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 154, adhabu yake inafika kifungo cha maisha, hilo wenyewe ni bunge na mahakama. Mimi naongelea kipaji, nani anaachwa akikuze na nani anazimwa akiwa bado mdogo.

Mzee ameandika kwamba mwanaume kuigiza mwanamke ni utamaduni ulioletwa na simu. Jamani, sisi si watu wa mapiko, ile ngoma ya Kimakonde ya kuvaa sura za mti? Nani aliyekulia Newala au Tandahimba hajawahi kuliona lipiko likitoka kwenye ngoma za jando na unyago? Anayecheza ni mwanaume, na sura aliyovaa mara nyingi ni ya mwanamke, ina chale mashavuni na ndonya, kile kipini cha mti, kwenye mdomo wa juu, halafu kuna lile vazi la mti linalofungwa kifuani likiwa na matiti na tumbo la mimba kabisa, mwanaume analivaa anacheza kama mjamzito, mwendo, kushika kiuno, kuchoka, kila kitu, na akipatia watu wanapiga vigelegele. Na sio mambo ya juzi. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule wa makumbusho ya Leipzig alishuka Lindi akatembea hadi Masasi na Newala akiandika habari za ngoma zetu na kukusanya vinyago, na hadi leo sura za huku kwetu zipo kwenye makumbusho za Wazungu. Sisemi mapiko ni ushoga, naomba nisilishwe maneno. Nasema wazee wa wazee wetu walijua msanii anaweza kuingia kwenye mwili usio wake akatuonyesha kitu, na hawakumwambia mchezaji aache kwa kuogopa watu watamdhania nini.

Sasa muziki, na hapa naomba mzee unisikilize kidogo maana nina mengi. Nenda harusi yoyote sa hizi, iwe Shangani, iwe Masasi, iwe Nachingwea, dijei akiweka amapiano hakuna anayebaki kwenye kiti hata mama mkwe anainuka, na wasanii wetu wa Bongo Flava nao wanaimba humo humo. Amapiano imetoka kwenye vitongoji vya Gauteng, Afrika Kusini, miaka ya 2010. Lakini Waafrika Kusini walikuwa wanacheza muziki wa haus (house) tangu miaka ya 90, wakaupunguza mwendo wakapata kwaito, mambo yakaendelea hivyo hivyo mpaka tukafika kwenye huo mlio mzito wa ngoma tunaousikia leo. Na haus yenyewe je? Imetoka Chicago, kwenye klabu iliyokuwa kwenye jengo la zamani la viwanda, The Warehouse, ilifunguliwa 1977, na waliokuwa wanaijaza wengi ni vijana weusi na Walatino wa mapenzi ya jinsia moja, watu ambao klabu nyingine ziliwabania mlangoni. Dijei wao alikuwa Frankie Knuckles, kijana mweusi aliyezaliwa New York mwaka 1955, yeye mwenyewe alikuwa hivyo na hakujificha. Alikuwa anachukua nyimbo za disko, anakata mkanda kwa wembe anaunga upya, pale wachezaji wanapopapenda anaparefusha, baadaye akaongezea na mashine ya ngoma chini yake. Watu wakawa wanaenda dukani kuulizia santuri za "ule muziki wa pale Warehouse", ndio jina lenyewe la haus likazaliwa hapo.

Na mjue mambo hayakuwa rahisi kwao. Tarehe 12 Julai 1979, mji huo huo wa Chicago, watu walijazana uwanja wa besiboli wa Comiskey Park, wakarundika santuri za disko katikati ya uwanja wakazilipua kwa baruti, kisha maelfu wakavamia uwanja hadi mechi iliyofuata ikashindikana kuchezwa. Wengi walioandika habari ile baadaye wanasema waliokuwa wanachukiwa sio nyimbo peke yake, ni watu weusi na mashoga waliokuwa wanazicheza. Na kumbe wakati wanalipua huku, kule Warehouse Frankie yuko na mikanda yake anaunga. Mwaka 2004 mji ukaipa barabara jina lake, mwaka 2023 jengo lile likalindwa kisheria kama urithi wa mji. Mji ule ule mzee wangu. Na sisi huku Kusini tunakata kiuno kwenye harusi za watoto wetu kwa muziki ambao mizizi yake ipo kwenye chumba kile, wengine wakati wanakata kiuno wanamrushia maneno kijana aliyepamba ukumbi.

Mimi habari ile naipenda kwa sababu inaonyesha kipaji kinavyokua. Frankie peke yake nyumbani kwake asingefika mbali, kilichomsaidia ni kuwepo na chumba ambacho mtu akiingia hakuna anayemcheka mwendo wake wala sauti yake, watu wanajiachia, na akikosea wiki hii wiki ijayo anajaribu tena. New York mtaa wa Harlem ilikuwa hivyo hivyo. Kulikuwa na mashindano ya urembo na mavazi ambayo wanaume walipanda steji kama wanawake, na waamuzi walikuwa wanawapendelea Wazungu, mpaka msanii mmoja mweusi, Crystal LaBeija, akachoka. Mwanzoni mwa miaka ya 70 wakaanzisha mashindano yao wenyewe na kundi lao wakaliita nyumba, nyumba ya LaBeija, na makundi mengine yakafuata. Vijana wengi waliokuwa wanaingia kwenye nyumba hizo walikuwa wamefukuzwa kwao. Humo wakapata mtu wanayemwita mama, anayewafundisha kushona, kutembea, kujipaka, kuishi mjini bila kufa njaa; kwetu ningemfananisha na somo anayemchukua mwali na kumlea. Ule uchezaji wa kukunja mikono na kusimama ghafla kama picha ya gazeti la mitindo ulitoka humo, mwaka 1990 mwanamuziki Madonna akauchukua dunia nzima ikauona, na leo kwenye vidio za vijana wa hapa Mtwara wanaocheza kwenye simu ule mkono naujua umetoka wapi hata kama wao hawajui.

Kuna kitu kingine nataka watu wa Kusini wakijue maana ni cha kwetu kabisa. George Lilanga. Mmakonde, mzaliwa wa upande wa Masasi, 1934, alichonga tangu ujana wake halafu akaenda Dar es Salaam akapata kazi ya ulinzi pale Nyumba ya Sanaa, ile iliyoanzishwa na Sista Jean Pruitt mwaka 1972. Mlinzi! Akawaonyesha vinyago vyake, wakampa nafasi, akaingia kwenye kuchora, batiki, rangi, akawatoa mashetani wa Kimakonde kwenye mpingo akawaweka kwenye karatasi wakiwa na masikio makubwa na midomo ya kucheka na rangi za kung'aa, na 1978 kazi zake zikaonyeshwa Washington. Mwaka huo huo kijana mmoja wa Pennsylvania, Keith Haring, anahamia New York kusoma sanaa. Huyu alikuwa wa mapenzi ya jinsia moja na alisema wazi. Stesheni za treni za chini kulikuwa na sehemu za matangazo, tangazo likiisha muda wanabandika karatasi nyeusi, yeye akawa anashuka na chaki nyeupe anachora pale haraka haraka kabla askari hawajafika, watoto wanaotambaa, mbwa, watu wanaocheza. Wapo wanaoandika habari za sanaa wanaosema Haring alichota kwa Lilanga. Mimi huwa nawawekea vijana picha za wote wawili kwenye simu, nawaambia waangalie tu: mistari minene, watu wamejaa karatasi nzima hakuna pa kuweka kidole, mikono na miguu inashikana, hakuna aliyetulia. Kila mara vijana wananiambia mbona hawa ni ndugu! Haring alikufa kwa UKIMWI Februari 1990 akiwa na miaka 31, na katika muda huo mfupi alikuwa ameshachora na watoto kwenye kuta za hospitali na mitaani, mwaka 1986 alikaa na mamia ya vijana wakachora pamoja bango kubwa la Sanamu ya Uhuru la New York. Alikuwa anawapa watoto rangi anawaacha wajaze wanavyotaka.

Freddie Mercury sina haja ya kumweleza sana, kila anayekwenda Unguja anaonyeshwa nyumba yake Shangani ya kule. Alizaliwa Zanzibar 1946, familia ikaondoka 1964, akasomea kuchora Uingereza na nembo ya Queen, bendi aliyokuwa anaiimbia, aliichora mwenyewe. Watalii wanalipa. Mwaka 2006 wengine walipotaka kufanya sherehe ya kukumbuka kuzaliwa kwake ikapigwa vita kisiwani, sababu ni hiyo hiyo tunayoongelea.

Ila wa jirani yetu Binyavanga Wainaina nataka nimtaje vizuri. Mkenya, alishinda tuzo ya Caine ya uandishi mwaka 2002, na badala ya kukaa na sifa zake akawa mmoja wa walioanzisha Kwani?, jarida la Nairobi lililochapisha vijana ambao hakuna aliyekuwa anawachapisha, pamoja na Sheng ya mtaani ambayo walimu walikuwa wanaipiga marufuku. Januari 2014 akaandika wazi kwamba ni shoga, akaandika kama anamwambia mama yake ambaye alikuwa ameshafariki. Alikufa 2019. Waandishi waliopitia mikononi mwake wengi hawakuwa kama yeye na wala hakuwageuza. Walitoka pale wakiwa waandishi, basi.

Sasa turudi huku. Nilikuwa na kijana uani kwangu, hodari wa kuchora kanga kuliko mtu yeyote niliyemfundisha. Mji wa kanga alikuwa anaujaza korosho, bibo na kokwa yake, na pindo anaipanga kwa chale za wazee wa Kimakonde, hata jina la kanga alikuwa anatunga mwenyewe. Sauti yake nyembamba, anatembea kwa madaha, ndivyo alivyo. Shuleni kwao, shule siitaji, mwalimu mmoja akamsimamisha mbele ya darasa akamwambia embu tembea tena kama unavyotembea siku zote, darasa likaangua kicheko. Akaacha shule. Akaacha na kwangu maana njiani walikuwa wanamsubiri. Nasikia yuko Dar es Salaam anashonea watu na kazi zake zinagombewa, wengine wanaozivaa ni hawa hawa wa kwetu wakienda kununua nguo za harusi Kariakoo. Nikifikiria hilo roho inaniuma, maana michoro ile imetoka hapa, chale zile ni za bibi zake, na hapa ndio mahali pekee ambapo hakuweza kukaa akafanya kazi.

Na haiwapati wavulana peke yao. Nina msichana anachonga. Mnajua kwetu kuchonga mpingo ni kazi ya wanaume, wanawake walikuwa kwenye ufinyanzi, huyu binti tezo na patasi kazizoea kama mwiko na mitaani wanamwita jike dume, mama yake anakuja kulia kwangu kwamba hataolewa. Nikamwambia mama mwenzangu, mwache amalize hicho kinyago kwanza. Sijui atampenda nani akikua na sitaki kujua, nachojua ule mti ukifika kwake unatoka na sura.

Uani kwangu kuna utaratibu mmoja nausimamia kwa ukali. Unaruhusiwa kusema mshono umepinda, rangi haijakaa, mkono wa huyo mtu uliyemchora umekuwa mrefu, sema yote na mwenzako akusikilize. Kumcheka mtu sauti yake, mwendo wake, dini yake, mguu wake wenye kilema, hapo unatoka nje. Wavulana na wasichana wanafanya kila kitu, kushona, kuchora, kuchonga, kupamba. Wa mwanzo mwanzo huwa wanachora vitu walivyoviona kwenye simu, wakishazoea kwamba hakuna wa kuwacheka ndio wanaanza kutoa vya kwao, mmoja anachora ngalawa za Mikindani na baba yake aliyepotelea baharini, mwingine anashona gauni kwa magunia ya korosho. Vile vya kwao ndio vinavyouzika pia, kama kuna anayetaka hoja ya hela.

Mzee, kama hofu yako ni watoto kuharibiwa, hofu hiyo ni ya kweli na mimi ninayo. Anayemharibu mtoto akamatwe, awe anapenda wanawake au wanaume, awe mjomba, mwalimu, jirani au mtu wa dini. Lakini kumkataza kijana kupamba harusi hakumlindi mtoto yeyote. Tena mtoto aliyefukuzwa kwao akiwa na miaka kumi na mitano analala stendi, sasa huko stendi ndiko kuna watu wabaya kweli, kwa hiyo anayemfukuza ndiye anayemkabidhi.

Ninachoomba kwa maafisa utamaduni sio kikubwa. Tuna tamasha la MaKuYa hapa Mtwara linalowakutanisha Wamakonde, Wamakua na Wayao kwenye ngoma zao, kikundi kikiomba kupanda steji kiangaliwe ngoma yake inavyochezwa, sio mchezaji wa tatu kutoka kushoto anaonekana vipi. Kwenye mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ambayo 4 ni ya vijana, fomu ya kikundi cha mafundi na wapambaji isirudishwe kwa sababu mwenyekiti wao anaongea kwa sauti nyembamba, hiyo nimeiona kwa macho yangu na sitaji ni halmashauri gani. Walimu nao wakipewa semina za elimu, mtu awaambie kumdhalilisha mwanafunzi mbele ya wenzake sio kumrekebisha. Na wazazi, wazazi wenzangu, mtoto wako akileta daftari la michoro lifungue, angalia alichochora kabla hujauliza kwa nini anachora kike.

Mhariri na wewe nina ombi. Siku ukipata tena barua kama ile inayotaka kundi fulani la vijana likatazwe kazi yao, mtume mwandishi wako awatafute na hao vijana, wapo, awaulize wanafanya nini na wanakula nini, mchapishe maneno yao pembeni ya barua. Picha za kazi zao nitawapa mimi kama wenyewe wakiridhia. Na mzee wangu ukitaka kuja uani nakukaribisha, Jumamosi baada ya alasiri vijana wanakuwepo wote, njoo na kanzu yako iliyochanika wakushonee.

Jina langu mnalo ila naomba msilichapishe kwa ajili ya usalama wa vijana wangu.

Fundi na mwalimu wa kuchora, jina kapuni,
Chikongola, Mtwara